Maradhi yakitangazwa, nani hulipa gharama sokoni?

Wafanyabiashara wa samaki wa Kanda ya Ziwa wenye umri wa kutosha wanaikumbuka Krismasi ya mwaka 1997. Tarehe 23 Desemba mwaka huo, Tume ya Umoja wa Ulaya ilipitisha uamuzi wa kuzuia samaki wabichi kutoka Tanzania, Kenya, Uganda na Msumbiji wasiingie katika nchi wanachama. Sababu iliyotolewa ilikuwa mlipuko wa kipindupindu katika nchi hizo nne. Samaki waliogandishwa na waliosindikwa walibakia na mlango mdogo, kwa sharti la kupimwa. Zuio hilo liliondolewa mwishoni mwa Juni 1998.

Mwandishi wa makala haya wakati huo alikuwa hajajua hata kutembea. Lakini kila ugonjwa mpya unapotangazwa na bei zikaanza kuyumba, wazee wa mwaloni hurejea kwenye kisa hicho, na kuna sababu ya kufanya hivyo. Kinaeleza vizuri kuliko kitabu chochote cha uchumi kwa nini watu wa sokoni hupokea matangazo ya afya kwa namna inayowashangaza maofisa: mara nyingine kwa hofu kupita kiasi, mara nyingine kwa dharau, na mara nyingi kwa swali moja lisilosemwa kwa sauti, yaani hasara hii ataibeba nani.

Tuanze na samaki mwenyewe. Kijidudu cha kipindupindu hufa kwa moto wa kawaida wa jikoni, na njia yake kuu ni maji machafu na chakula kilichoshikwa kwa mikono michafu. Sangara anayekwenda Ulaya kama minofu hupikwa kabla ya kuliwa. Ndiyo maana Februari 1998 Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani alitamka kwamba kuzuia vyakula kutoka nje si njia inayofaa ya kupambana na kipindupindu. Tanzania nayo iliufikisha mgogoro huo katika kamati ya Shirika la Biashara Duniani inayoshughulikia masuala ya afya na usalama wa vyakula. Mkataba unaohusika, ulioanza kutumika mwaka 1995, unaitaka nchi inayozuia bidhaa kwa sababu za kiafya iwe na ushahidi wa kisayansi.

Hoja ilikuwa nzuri. Tatizo ni kwamba shauri la Geneva huenda kwa miezi, na samaki huoza kwa saa.

Hapa ndipo penye somo la bei. Mnyororo wa sangara una watu wengi: mvuvi, mwenye mtumbwi na injini, wakala wa mwaloni, kiwanda cha minofu, msafirishaji wa ndege na mnunuzi wa Ulaya. Mnunuzi wa Ulaya akiogopa, au serikali yake ikimkataza, husitisha oda kwa karatasi moja na kuagiza samaki wa kwingine. Kiwanda hupunguza zamu na kushusha bei ya kununulia, kwa kuwa mitambo na mishahara ya wachache waliobaki lazima vilipwe. Wakala, ambaye mara nyingi ameshatoa fedha za mafuta na nyavu kwa wavuvi wake, hushusha bei zaidi ili aokoe mtaji. Mvuvi hana wa kumshushia. Hana ghala, hana barafu ya wiki nzima, na deni lake haliondolewi na tangazo la Brussels. Chini yake yuko mama anayekaanga mapanki, ambaye kiwanda kisipokata minofu hana bidhaa kabisa, na hakuna takwimu za mauzo ya nje zinazomtaja.

Mkulima wa kahawa bei ikianguka anaweza kukausha, kufunga gunia na kusubiri. Si kwa raha, lakini anaweza. Mwenye kitu kinachooza hana nguvu ya kusubiri, na katika soko lolote hasara humwendea yule asiyeweza kusubiri. Kanuni hii msomaji aiweke karibu, kwa sababu tutaihitaji tena mbele.

Samaki waliokosa ndege waliishia katika masoko ya ndani na kuliwa na watu. Kwa hiyo wakati mzungu akimwogopa sangara, mkazi wa kandokando ya ziwa alimnunua kwa bei nafuu. Samaki ni yule yule na ziwa ni lile lile, ila waliokuwa wakimtazama walikuwa wawili, na kila mmoja alikuwa na hofu ya aina yake na kipato cha aina yake.

Peru ilikuwa imeonja hayo mapema zaidi. Kipindupindu kilipoingia pwani ya nchi hiyo Januari 1991, wagonjwa walipita 320,000 kwa mwaka huo na waliofariki walikaribia 3,000. Hayo yalikuwa maafa yenyewe. Juu yake ikaja hasara ya kibiashara inayokadiriwa kufikia dola za Marekani milioni 770, kutokana na vyakula vya Peru kukataliwa nje na watalii kuacha kwenda. Rais Alberto Fujimori alikula samaki mbichi mbele ya kamera ili kuokoa soko la wavuvi, wakati wataalamu wa afya wa nchi hiyo hiyo walikuwa wakiwaonya wananchi wasile samaki mbichi. Katika maoni yangu hilo lilikuwa kosa, hata kama lilitokana na uchungu wa wavuvi. Kiongozi akitumia tumbo lake kama cheti cha ubora, siku nyingine akitoa onyo la kweli watu watasubiri waone anakula nini.

Hofu hutangulia amri. Hili halieleweki vizuri, na wanasiasa wa kila nchi hulipotosha kwa faida yao. Wanaopinga masharti ya afya husema masharti ndiyo yanayoua biashara. Wanaoyatetea husema bila masharti biashara ingekufa zaidi. Walaji kwa kawaida hawasubiri upande wowote.

Mwanzoni mwa mwaka 2007 Homa ya Bonde la Ufa ilipoingia Tanzania ikitokea Kenya, Dodoma ukiwa miongoni mwa mikoa iliyoumia zaidi, nilikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi. Nyumbani nyama ya ng'ombe ilitoweka mezani bila serikali kumkataza mama yangu kuinunua. Wataalamu walikuwa wakieleza redioni kwamba nyama iliyopimwa na kupikwa ikaiva haina madhara, na kwamba hatari kubwa ni kwa wanaochinja na kushika damu ya mnyama mgonjwa. Mama aliwasikia vizuri, na akanunua dagaa. Mwenye bucha wa mtaa wetu alikaa siku kadhaa akipepea nzi, halafu akafunga mlango. Aliyekuwa akiuza kuku jirani yake, naye nakumbuka vizuri, aliongeza bei bila aibu.

Fedha ya mlaji, kwa maneno mengine, haikupotea. Ilihama bucha ikaenda kwa muuza kuku na muuza dagaa. Miaka 13 baadaye tuliliona jambo lile lile kwa sura nyingine. Mgonjwa wa kwanza wa korona Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, akiwa Arusha. Shule zilifungwa siku iliyofuata, vyuo vikafuata, nami nikarudishwa nyumbani na madaftari yangu ya shahada ya biashara hadi vyuo vilipofunguliwa tena Juni mosi. Masoko hayakufungwa. Lakini malimao, tangawizi na vitunguu saumu vilipanda bei katika masoko ya Dar es Salaam kwa namna ambayo mwalimu wetu wa uchumi angeifurahia kama mfano wa darasani. Wakati huo huo wauza nguo za harusi na mama lishe wa karibu na shule walikosa wateja.

Marekani, ambako takwimu za simu za mkononi zinawezesha kuhesabu watu wanaoingia dukani, wachumi wawili wa Chuo Kikuu cha Chicago, Austan Goolsbee na Chad Syverson, walilifanyia swali hili uchunguzi mwaka 2020. Walilinganisha biashara za aina moja katika maeneo yanayopakana, upande mmoja ukiwa na amri ya kukaa nyumbani na mwingine hauna. Wateja walikuwa wamepungua kwa asilimia 60. Sehemu ya upungufu huo iliyotokana na amri za serikali ilikuwa pointi 7 tu. Iliyobaki ilikuwa watu wenyewe kuamua kutotoka, na walianza kujizuia kabla ya amri kutangazwa.

Tanzania haikuweka amri ya watu kutotoka nje, wala haikufunga hoteli zake. Hata hivyo watalii waliingia 620,867 mwaka 2020, kutoka 1,527,230 mwaka uliotangulia. Ni kweli kwamba sehemu ya anguko hilo ilisababishwa na nchi nyingine kufunga anga na viwanja vyao, na Tanzania yenyewe ilisitisha ndege za abiria za kimataifa kwa wiki kadhaa kuanzia Aprili. Lakini msomaji aliyekuwa na nyumba ya wageni Arusha au Zanzibar anajua kwamba anga lilipofunguliwa tena tarehe 18 Mei vyumba havikujaa siku hiyo. Mlango unaweza kufunguliwa kwa tangazo la serikali, mteja arudi pale anapoona mwenyewe kwamba inafaa.

Sasa turudi kwenye masharti yenyewe, maana nayo yapo na yana gharama. Mwaka 2020 wachuuzi wa nchi zetu hawakuyapinga yote. Ndoo ya maji yenye koki na kipande cha sabuni mlangoni mwa duka vilikubaliwa haraka, hata pale ambapo hakuna aliyekuwa akikagua. Vilikuwa vya bei ndogo, kila mtu aliviona, na kila duka lilikuwa navyo kwa hiyo hakuna aliyepoteza mteja kwa kuvitii. Sharti la kumtaka mchuuzi afunge meza yake lilikuwa jambo jingine. Hilo gharama yake yote humwangukia mmoja, na faida yake, kama ipo, hugawanywa kwa jiji zima.

Uganda ilitoa mfano mkali kuliko wote. Mwishoni mwa Machi 2020 Rais Yoweri Museveni alitangaza kwamba wanaouza vyakula masokoni waendelee, ila wasirudi makwao kwa siku 14. Walale pale pale sokoni. Katika soko la Nakasero, Kampala, akina mama walitandika kando ya mafungu yao ya nyanya na kufunga vyandarua. Kwa upande wa walaji mpango ulifanya kazi, kwani chakula hakikukatika. Kwa upande wa muuzaji, aliyeacha watoto nyumbani na kulala kwenye saruji, kila nyanya ilibeba gharama ambayo mteja hakuilipa. Serikali ilikuwa imepata huduma bila kuinunua. Sina hakika kama kulikuwa na njia nyingine katika wiki zile, lakini posho ya siku 14 ingekuwa bei ya haki.

Mpakani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Aprili na Mei 2020 foleni ya malori Malaba, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, ilifika kilometa nyingi, madereva wakisubiri kupimwa na kisha kusubiri majibu. Zambia ilifunga mpaka wake wa Nakonde, unaotazamana na Tunduma, Mei 2020. Rwanda ilitaka madereva wabadilishane Rusumo, yaani dereva wa Tanzania ashuke na wa Rwanda ashike usukani, na madereva wa Tanzania wakagoma. Tarehe 16 Mei Rais Uhuru Kenyatta alifunga mpaka wa Kenya na Tanzania kwa watu, mizigo ikiruhusiwa kwa sharti la dereva kupimwa. Uganda nayo ilifika mahali pa kuwaondoa madereva wa kigeni katika hesabu yake ya wagonjwa, kana kwamba ugonjwa husoma pasipoti.

Nani alilipa siku hizo za foleni? Kanuni ya mwaloni inajibu. Lori la saruji au la mafuta likikaa siku tano, mwenye mali huongeza gharama katika bei, na mnunuzi wa Kigali au Lusaka hulipa kwa kuwa hana pa kwenda. Lori la nyanya, vitunguu au machungwa likikaa siku tano Namanga, dalali wa upande wa pili hununua kwa bei ya mali inayooza, na safari inayofuata mnunuzi wa shambani humpa mkulima pungufu. Dereva na utingo wake, ambao ndio walioitwa wabeba ugonjwa na kutengwa katika miji ya mpakani, walikula posho ya safari ya siku tatu kwa muda wa siku kumi.

Ukiyaweka haya pamoja, hutashangaa kwamba cheti cha kipimo nacho kikageuka bidhaa, na kwamba vyeti bandia vilipata wateja. Mtu anayelipa gharama yote ya sharti atatafuta mlango wa nyuma. Kulaumu tabia yake peke yake ni uchambuzi wa nusu.

Mlango wa nyuma hatari kuliko yote hauko mpakani, uko katika ofisi. Ni uamuzi wa kutosema.

Zuio la samaki la mwaka 1997 liliifundisha kila wizara ya biashara katika eneo hili kwamba nchi inayotangaza kipindupindu huadhibiwa, na inayokaa kimya huuza. Kanuni za Afya za Kimataifa za zamani, za mwaka 1969, zilikuwa zimeona tatizo hilo, lakini nguvu zake zilikuwa ndogo na magonjwa yake yalikuwa machache: kipindupindu, tauni na homa ya manjano yalibaki ndiyo makubwa. Kanuni mpya, zilizopitishwa mwaka 2005 na kuanza kutumika Juni 2007, zinazitaka nchi zitoe taarifa mapema na zinazitaka nchi nyingine zisizuie safari na biashara kupita kiasi kinachohitajika. Sehemu ya kwanza inafuatiliwa. Ya pili haina polisi.

Afrika Kusini ilililipia hilo Novemba 2021. Wanasayansi wake, kwa kushirikiana na wenzao wa Botswana, walitambua aina mpya ya korona iliyokuja kuitwa Omicron na kuitangaza tarehe 24. Kufikia tarehe 26 Uingereza, nchi za Umoja wa Ulaya na Marekani zilikuwa zimezuia au zimetangaza kuzuia wasafiri kutoka kusini mwa Afrika, na vyumba vya Cape Town vilivyokuwa vimewekwa oda kwa sikukuu vikafutwa. Virusi vyenyewe vilikuwa vimeshavuka bahari. Serikali ya Afrika Kusini ilisema wazi kwamba nchi yake inaadhibiwa kwa kuwa na maabara nzuri, na kibiashara sioni hoja ya kuwapinga.

Benki ya Dunia ilijaribu kuitafutia hofu hiyo bei sokoni. Mwaka 2017 iliuza hatifungani za majanga ya magonjwa zenye thamani ya dola milioni 320. Wawekezaji walipata riba nono na wakakubali kupoteza mtaji iwapo janga lingefikia vipimo vilivyoandikwa. Ebola ilipoua watu zaidi ya 2,200 mashariki mwa Kongo kuanzia 2018 hadi 2020, hatifungani hizo hazikulipa, kwa sababu masharti yalidai vifo visivyopungua 20 katika nchi ya pili. Zililipa kwa ajili ya korona, dola milioni 195.84, Aprili 2020, dunia ikiwa tayari imefungwa. Mpango haukurudiwa. Kama bidhaa ya bima uliandikwa na watu makini sana, lakini ulimlinda zaidi mwenye fedha kuliko mwenye duka Beni au Butembo.

Kagera imepitia jaribio la karibu zaidi. Ugonjwa wa Marburg ulitangazwa huko Machi 2023, ukaua watu sita na kutangazwa kwisha Juni. Katikati ya Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa ya kushuku Marburg Biharamulo. Wizara ya Afya ikajibu kwamba sampuli zilizopimwa hazikuonyesha ugonjwa. Kisha tarehe 20 Januari Rais Samia Suluhu Hassan akathibitisha mjini Dodoma, akiwa na Mkurugenzi Mkuu wa shirika hilo, kwamba upo. Ulitangazwa kwisha tarehe 13 Machi. Mara zote mbili Shirika lilishauri nchi zisizuie safari wala biashara na Tanzania.

Kwa mfanyabiashara wa ndizi, kahawa au samaki wa mkoa huo, zile siku za taarifa mbili zisizopatana ndizo ngumu. Mnunuzi wa mbali hawezi kupima ugonjwa, anapima maneno. Akisikia mawili yanayopingana huchukua lile baya zaidi na kukata bei kwa kadiri hiyo. Taarifa mbaya iliyo kamili ina mwisho, kwa kuwa inasema wilaya gani, watu wangapi na tangu lini, na mnunuzi anaweza kuhesabu.

Viwanda vya minofu viliishia kujifunza hilo kwa shuruti. Zuio la pili la Ulaya, la mwaka 1999, lilitokana na taarifa za watu kuvua kwa sumu, na safari hiyo hoja ya sayansi haikuwa upande wetu moja kwa moja. Tanzania iliruhusiwa kurudi sokoni kabla ya Uganda na Kenya, baada ya kuweka mamlaka moja ya ukaguzi inayojibu maswali ya mnunuzi, kuboresha upimaji na kusafisha namna samaki wanavyopokelewa mwaloni. Gharama ilikuwa kubwa na viwanda vingine havikuiweza, lakini kuanzia hapo kiwanda kilichobaki kilikuwa na karatasi ya kumwonyesha mnunuzi siku ya hofu.

Mvuvi hakupewa karatasi yoyote. Makubaliano yake na wakala bado kwa sehemu kubwa ni ya mdomo: wakala anatoa injini na mafuta, mvuvi anamletea samaki kwa bei ya siku. Hakuna kifungu kinachosema deni linasimama iwapo soko la nje litafungwa kwa sababu za kiafya. Mikataba ya wauzaji wakubwa wa nje huwa na kifungu cha namna hiyo, na gharama ya kukiandika katika daftari la chama cha ushirika cha wavuvi ni bei ya kalamu na mhuri. Vyama vinavyokutana msimu huu kupanga mikopo ya injini vinaweza kuanza na hicho.